Boneti ya Columbia iliyovunjwa na ng'ombe: ibandikwe, inunuliwe iliyotumika, au iagizwe mpya?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi na mdogo wangu tunaendesha lori, Freightliner Columbia, aliyotuachia baba, tunabeba saruji kutoka Tanga kuja Moshi na Arusha. Mwezi uliopita dereva aligonga ng'ombe usiku kabla ya kufika Same. Yeye ni mzima, lakini boneti imepasuka kona ya kushoto, ufa umetoka kwenye taa ukashuka hadi kwenye bawaba, na bampa limerudi nyuma kidogo. Fundi mmoja hapa Pasua anasema ataibandika kwa faiba siku mbili tu. Kuna muuza spea Arusha ana boneti iliyotolewa kwenye gari lililokatwa. Mwingine anasema tuagize mpya kutoka Dar. Tuchague ipi? Na je, tunaweza kuifunga hapa hapa gerejini kwetu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Poleni kwa ajali, na ashukuriwe Mungu dereva ametoka salama.

Nianze na maneno matatu uliyoyaandika katikati ya barua yako: "hadi kwenye bawaba". Hayo ndiyo yanayoamua. Ufa ungeishia kwenye madigadi au chini ya taa, ningekwambia mpe fundi wa Pasua kazi yake. Boneti hiyo ni ya faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa resini, na faiba hubandikika vizuri kabisa ikishikwa na mtu mwenye subira: unatoboa tundu dogo mwisho wa ufa ili usiendelee kutembea, unasaga pande zote mbili, juu na chini, mpaka kingo ziwe nyembamba kama ncha ya jembe lililonolewa, kisha unalaza mikeka ya faiba kwa tabaka, kila tabaka pana kuliko la chini yake. Hadina, yaani dawa ya kugandisha, iwe asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa resini. Ukizidisha ili ikauke haraka, inachemka, inakuwa kavu kama biskuti na kuvunjika upya.

Lakini sehemu ya bawaba ni habari nyingine. Boneti ya Columbia hufunguka kwa kulala mbele, kwa hiyo uzito wake wote unaning'inia kwenye zile pembe mbili za chini. Gari likipita kwenye matuta, na barabara ya Himo kuja Arusha unaijua ilivyo na matuta, kila mtikisiko unashuka pale. Kiwandani pale pametengenezwa panene, pengine kwa chuma kilichozikwa ndani ya faiba. Kiraka cha siku mbili hakirudishi unene ule. Kitashika wiki kadhaa, halafu utasikia boneti inagonga, na siku moja utaikuta imelala upande.

Kwa hiyo jibu la kwanza: badilisheni. Kabla hamjanunua chochote, hata kama muuza spea anakupigia simu kila asubuhi, kaguni chuma kinachobeba boneti.

Hili naliweka mbele kwa sababu lilishanitia hasara na aibu. Miaka ya nyuma mteja aliniletea lori lenye boneti iliyochanika pembe ya kulia. Tukapata boneti nzuri, nikaifunga, ikapendeza, akaondoka ameridhika. Wiki ya tatu alirudi na ufa mahali pale pale, kwenye boneti ile mpya. Nilipolala chini na tochi ndipo nilipoona nilichopaswa kuona mwanzo: bushi za bawaba zilikuwa zimekwisha hadi pini inacheza ndani, na kibao kinachoshika bawaba kimepinda kidogo sana, unene wa kidole tu. Boneti ya kwanza iliuawa na kibao kile. Ya pili niliiua mimi kwa kutokukagua. Nilifanya kazi upya bila kumtoza chochote, na tangu hapo sifungui hata boksi la spea kabla sijapima chuma.

Kwenu ng'ombe amerudisha bampa nyuma, kwa hiyo uwezekano ni mkubwa kwamba vibao navyo vimesogea. Ondoeni bampa. Chukueni kamba ya mwashi au tepu, pimeni kutoka katikati ya pini ya bawaba ya kushoto hadi kwenye bolti yoyote ya kudumu nyuma kwenye chesisi, kisha pini ya kulia hadi bolti kama hiyo upande wake. Pimeni pia kwa mkingamo, kushoto mbele hadi kulia nyuma, na kinyume chake. Vipimo vikitofautiana zaidi ya milimita 5, chuma kinyooshwe au kibadilishwe kwanza. Msikubali kibao kilichopinda "kuvutwa" na bolti za boneti, kwa sababu faiba haivutiki, hupasuka. Bushi nunueni mpya hata kama za zamani zinaonekana zinafaa. Ni vitu vidogo, na ndivyo vinavyolinda kitu kikubwa.

Sasa tuje kwenye kununua. Columbia si gari moja. Kuna Columbia 112 na Columbia 120, na hizo namba ni inchi kutoka kwenye bampa hadi nyuma ya kabini. Tofauti ni inchi 8, sawa na sentimita 20 hivi. Ukiziona zimesimama mbali mbali huwezi kuzitofautisha, lakini boneti ya moja haikai kwenye nyingine. Tena wauzaji wengi hapa kwetu wanaita kila Freightliner yenye pua "Columbia", wakati nyingine ni Century, na boneti ya Century ni umbo lingine na taa nyingine. Someni kibati kwenye fremu ya mlango wa dereva. Namba ya chesisi ina herufi na tarakimu 17. Ya 10 ndiyo inayoonyesha mwaka wa modeli, na tarakimu 6 za mwisho ndizo watu wa spea za Freightliner wanazotumia kutafuta kifaa cha gari lako hasa. Kipigeni picha kibati hicho na mumtumie muuzaji wa Dar, asikisie.

Kwa ile ya Arusha, usiagize kwa picha ya simu. Nenda mwenyewe au mtume mdogo wako na tepu, kipande kikubwa cha kadibodi na sarafu. Kabla hajatoka Moshi, akate kadibodi ifuate mviringo wa ukingo wa nyuma wa boneti yenu, ule unaokutana na kabini. Aandike urefu kutoka kwenye pini ya bawaba hadi ukingo huo wa nyuma, nafasi kati ya bawaba na bawaba, na umbali kutoka katikati ya tao la gurudumu hadi ukingo wa nyuma. Akifika Unga Limited au kokote boneti ilipo, aweke kadibodi ile juu yake. Isipokaa, arudi nyumbani, na asisikilize maneno ya "fundi atairekebisha".

Ikikaa, ndipo sarafu inapofanya kazi. Aigonge taratibu boneti yote, hatua kwa hatua, hasa kuzunguka taa na pembe za chini. Faiba nzima hutoa sauti kali, kama ukigonga sahani ya udongo. Mahali ambapo tabaka zimeachana, au pamejazwa puti, sauti hufa, inakuwa nzito kama unagonga gunia la unga. Puti kidogo kwenye madigadi sina ugomvi nayo. Puti kwenye pembe ya bawaba ni sababu ya kuondoka. Kisha aigeuze aangalie tumboni, kwa sababu juu hupakwa rangi na chini husahaulika. Nyufa zinazotawanyika kama nyota maana yake hapo paligongwa kutoka nje. Nyuzi nyeupe zilizotokeza kama manyoya, boneti imekaa juani miaka mingi na resini imechoka. Matundu ya bolti yaliyokuwa duara na sasa yana umbo la yai, ilifungwa ikiwa imelegea na imetembea hivyo maelfu ya kilomita.

Boneti iliyotumika ikipita majaribio hayo yote, mimi ningeichukua kuliko mpya ya bei rahisi. Najua wengi watashangaa. Sababu yangu ni kwamba ile iliyotoka kwenye gari lililokatwa ilizaliwa kiwandani pamoja na matundu yake, vibao vyake na njia zake za hewa. Zile mpya zisizo za kampuni yenyewe nyingine ni nzuri mno na nyingine faiba yake ni nyembamba, na mara nyingi huja bila matundu ya taa na loki, mnatoboa wenyewe. Mkiamua mpya, ishikeni ukingo wa nyuma kwa mikono miwili muibonyeze. Ikinesa kama karatasi la bati, iacheni. Na ulizeni imetengenezwa kwa kitu gani: kuna boneti za faiba na kuna za plastiki iliyopikwa kwenye kalibu. Za plastiki hustahimili kugongwa, lakini siku ikipasuka, resini ya kawaida ya mafundi wetu haishiki juu yake.

Kuhusu kufunga: ndiyo, mnaweza kwenye gereji yenu, mkiwa na sakafu iliyosawazika, watu wanne na cheni bloki imefungwa kwenye boriti inayoaminika. Fungeni breki, wekeni magogo kwenye magurudumu, toeni waya wa ethi wa betri. Boneti ya zamani ibebwe na mikanda mipana, kamwe si mnyororo moja kwa moja, na ishikwe vizuri kabla hamjagusa springi au shokapu za gesi zinazosaidia kuinua. Springi ile ikiwa imebana ina nguvu ya kuvunja mkono. Kabla ya kulegeza bolti yoyote, chukueni kalamu ya rangi mchore mstari kuzunguka kila kibao pale kilipokaa. Mistari hiyo itawaokolea nusu siku. Soketi za taa zipigeni picha na mzifunge vitambaa vya rangi tofauti.

Hapa kuna jambo linalowakwaza mafundi wengi waliozoea malori ya Ulaya. Lori la Marekani lina bolti nyingi za inchi. Bolti ya nusu inchi ina milimita 12.7. Duka la jirani litakupa ya milimita 12, itaingia, itakaza, na kila mtu ataridhika. Lakini ile milimita 0.7 iliyobaki ni nafasi ya kucheza, na boneti itaitumia kila tuta mpaka tundu liwe yai. Tafuteni bolti zenyewe, zenye nati za nailoni zisizolegea, na wekeni washa pana upande wa faiba ili mkazo usambae. Mkisikia faiba inalia wakati wa kukaza, mmeshapita kiwango.

Ijaribuni boneti kabla ya kuipaka rangi, na hili nakuomba msiliruke. Rangi ikitangulia, kila marekebisho yanakuwa kovu. Ifungeni kwa bolti zilizokazwa nusu, ilazeni taratibu, kisha angalieni nafasi kati yake na kabini. Iwe sawa kushoto na kulia, kiasi cha kupitisha kidole. Kabini inacheza juu ya mipira yake na boneti imeshikwa mbele kwenye chesisi, kwa hiyo zikigusana zitasagana. Rekebisheni kwanza mbele na nyuma kwenye bawaba, halafu juu na chini, na loki za pembeni ziwe za mwisho. Loki kazi yake ni kushikilia boneti pale ilipokwisha kukaa. Mkiitumia kuivuta ifike mahali pake, mmeficha kosa na ufa utalifichua.

Sasa chemsheni ugali mgumu. Nasema kweli. Chukueni madonge matano sita, yafunikeni kwa plastiki nyembamba, muyaweke sehemu za juu kabisa za injini: kwenye bomba la intakula, kwenye ukingo wa juu wa kava la feni, na kwenye tangi la maji ya rejeta. Fungeni boneti mpaka loki zishike, fungueni, mpime madonge yamebaki na unene gani. Mimi sikubali chini ya sentimita 2 na nusu juu ya kitu chochote kinachotikisika na injini. Injini ikivuta mzigo hujipinda kwenye mauntingi zake, na mnapopanda kutoka Moshi kuja Arusha mkiwa na saruji inajipinda kweli kweli. Kitu kilichokuwa kinapita karibu tu gari likiwa limesimama, kitaanza kugonga boneti kwa chini.

Mkimaliza hapo, hewa. Kwenye Columbia hewa huingia kupitia pembeni mwa boneti, ikapita kwenye mpira unaokutana na njia ya eaklina, yaani kichujio cha hewa. Mpira huo hukutana tu boneti ikifungwa, haujafungwa kwa kibano, ndiyo maana husahaulika. Wekeni ukanda wa karatasi juu ya mpira, fungeni boneti, muvute karatasi. Ikitoka kwa kubishabisha, mpira umekaa. Ikitoka bure, pana mwanya. Eaklina bado itachuja vumbi, kwa hiyo injini haitakufa wiki hiyo, lakini itakuwa inavuta hewa ya moto kutoka ndani ya boneti, na vumbi na maji ya mvua vitaijaza eaklina kabla ya wakati. Mtaona gari limekuwa zito na linakunywa mafuta, na hakuna atakayekumbuka boneti. Vile vipande vya mpira vinavyozunguka rejeta navyo virudishwe vyote. Vinazuia hewa iliyokwisha kupata joto isizunguke mbele na kuvutwa tena na feni.

Nyaya mbili zinazozuia boneti isianguke mbele ikifunguliwa ziwe na urefu sawa sawa. Moja ikiwa ndefu, uzito wote unadondokea bawaba ya upande mmoja kila mnapokagua oili. Kisha dereva akate usukani hadi mwisho, kulia na kushoto, gari likiwa na mzigo, mwone tairi haligusi tao.

Rangi: kama ni boneti mpya, ina nta iliyobaki kutoka kwenye kalibu yake. Ioshwe kwa kiyeyusho kabla ya msasa, si baada yake, kwa sababu msasa huisukuma nta ndani ya mikwaruzo na rangi hutoka kama ngozi ya nyoka. Praima ya epoksi chini yake. Mengine fundi rangi wenu anajua.

Nimeacha taa mwisho kwa kuwa zinategemea boneti iliyokwisha kukaa. Lori lenu ni la volti 12, si 24 kama Scania, basi msikubali balbu za 24 kwa kuwa tu ndizo zilizopo dukani. Zitawaka hafifu na dereva atarudi kwenye shida ile ile ya kutoona ng'ombe. Tena taa za Marekani zimetengenezwa kwa nchi inayopita kulia, hutupa mwanga zaidi upande wa kulia, yaani kwetu ni machoni mwa anayekuja. Mkiweza kupata taa za nchi zinazopita kushoto, chukueni. Mkikosa, simamisheni gari mita 10 kutoka ukutani, mahali pasawa, mchore alama kwa urefu wa katikati ya taa, na mshushe mwanga wa chini uwe sentimita 10 au zaidi kidogo chini ya alama.

Kama mna bima kubwa, msiguse chochote kabla mkaguzi wa bima hajaona gari na polisi wa usalama barabarani hawajatoa ripoti yao. Naona mwezi umepita, kwa hiyo ulizeni leo.

Safari ya kwanza iwe tupu, Moshi hadi Arusha na kurudi, kama kilomita 160. Mkirudi kazeni bolti zote upya, kwa sababu faiba na mpira hujikalia. Angalieni mistari mliyochora kama kuna kibao kilichosogea. Rudieni baada ya safari ya kwanza ya Tanga. Na ile boneti iliyovunjika msiiuze kwa wanunua chakavu. Ng'oeni loki, vibao vya upande mzima, wavu wa mbele na mpira wa hewa kama bado ni mzima, kisha kateni madigadi ya kulia muyaweke stoo. Faiba ile ile, ya mviringo ule ule, ndicho kiraka kizuri kuliko chochote mtakachokikuta dukani siku madigadi ya upande huo yakichubuliwa kwenye foleni ya kupakia saruji.